Mume Aliyekataa Chumvi

Mwanamke wa Tabora mjini akitaka kujua kama mumewe ana mtu mwingine, haanzi na simu. Simu ina neno la siri, na wanaume wa siku hizi wamekuwa wajanja, mwanamke wa watu anaandikwa "Fundi Bomba" na anapiga mbele yako. Anaanza na sahani. Mwanamume anayerudi nyumbani jioni, akadonoadonoa chakula na kusogeza bakuli pembeni, ameshakula. Na kama ameshakula, kuna aliyempikia. Hili halifundishwi popote. Asmahani alilijua tangu utotoni, akiwa jikoni kwa mama yake kule Gongoni, akiwasikiliza wakubwa wakichambua mchele pamoja na waume za watu.

Kwa hiyo Adinani aliposema, "Mke wangu, kuanzia leo chakula changu usikitie chumvi," machale yalimcheza palepale.

"Umepimwa presha?"

"Hapana."

"Daktari amekukataza?"

"Tumbo tu, Asma. Linanisumbua."

Tumbo! Mtu aliyekula kachumbari ya pilipili sikukuu nzima asitoe hata jasho, leo tumbo lake linashindwa na chumvi. Asmahani hakubishana. Aliteleka sufuria ndogo pembeni, akampikia maharage yake ya baridi, bila chumvi, kisha akakaa mkekani kumtazama anavyokula. Adinani alimeza kwa shida, macho chini, na baada ya matonge machache akaomba maji ya kunawa. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Ikifika Alhamisi, siku yake ya kwenda Isikizya, alikuwa akirudi hana njaa kabisa.

Isikizya ndiko yaliko makao makuu ya halmashauri ya Uyui, na tangu ofisi zihamie huko watu hawaachi kujenga. Palipo na nyumba mpya seremala hakosi kazi, na Adinani alikuwa seremala wa kuaminika, milango yake ya mninga haikupindwa na jua wala mvua. Akisema anakwenda kupachika milango Isikizya, nani angebisha? Lakini Alhamisi moja, baada ya bodaboda kumchukua, Asmahani alifagia chumba na ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda. Lilikuwa sanduku la vifaa. Randa, patasi, misumeno, vyote vilikuwa humo ndani vimetulia. Alisimama na ufagio mkononi akiwaza ni milango gani hiyo inayopachikwa kwa viganja.

Sasa, kabla hatujamwonea huruma kupita kiasi, tuseme na la kwake. Asmahani naye alikuwa na siri, tena haikuwa chini ya kitanda. Aliivaa. Ndani ya mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, upande ule wa ngozi laini, kilikuwapo kijiti cha uzazi wa mpango. Alikiweka mwaka ule ule wa ndoa yao. Alikwenda Kaliua kumsalimia mdogo wake Hafsa, akamuaga kwamba anakwenda sokoni, akaingia zahanati ambako hakuna aliyemjua. Kilipokwisha muda wake alirudi Kaliua kusalimia tena, akaweka kingine. Adinani alijua tu kwamba mkewe anampenda sana mdogo wake.

Msimwite mkatili upesi. Mama yake alifariki Asmahani akiwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba, akamwachia wadogo, wa mwisho hajaota meno. Amekoroga uji na mtoto mgongoni, amekesha na surua, amekwenda kwenye vikao vya wazazi shuleni akiwa na umri ambao wenzake walikuwa bado wanaruka kamba. Baba yao alitoa alichoweza, akarudi zake kwenye kibanda chake cha kushona viatu. Hafsa, yule aliyekuwa hana meno, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka nyumbani, amekuwa mwalimu. Siku alipompandisha treni ya Kaliua, Asmahani alirudi ndani, akafunga mlango, akalala mchana kutwa. Alikuwa ameshapita thelathini. Mwaka uliofuata alikodi chumba cha biashara, akaweka cherehani yake mbele ya dirisha linalotazama barabara, akaandikisha kibao chenye jina lake. Adinani akaja kuposa katikati ya furaha hiyo. Akamkubali kwa sababu alimpenda. Lakini alijiambia, niacheni kwanza nipumue mwaka mmoja.

Mwaka ukawa miaka, na kumwambia kukazidi kuwa kugumu kila mwezi uliopita. Wewe utaanzaje? Utasema juzi niliweka, au utasema tangu ile wiki ya harusi? Adinani mwenyewe hakuuliza. Mwanzoni Asmahani aliuita ukimya ule subira. Baadaye akaanza kuutilia shaka. Mwanamume asiyeuliza, alisema moyoni, ama hajali, ama ana mahali pengine anapotegemea.

Aliyejua ya kijiti alikuwa mmoja tu, Bernadeta, mwenzake wa cherehani ya pili. Bernadeta ni Mkatoliki, wana umri mmoja, ana watoto wanne, na mtaa mzima unamwita Mama Anselm. Asmahani wanamwita Fundi. Hakuna anayemkosea adabu, ila mtu akiita "Mama…" akakwama, akamalizia "Fundi," huwa anausikia ule mkwamo.

Siku ile walikuwa wakishona sare za kwaya ya parokia, vitambaa vya zambarau vimejaa hadi mlangoni.

"Chumvi?" Bernadeta aliuliza, akaachia kanyagio la cherehani. "Kakataa chumvi?"

"Na sanduku la vifaa kaliacha nyumbani."

"Ee Mungu wangu. Shoga, hapo pana mtu."

"Ndivyo ninavyosema mimi."

"Na chumbani?"

Asmahani alijifanya anatafuta sindano. "Kuna siku anasema amechoka. Anageukia ukutani."

Bernadeta alijipiga kofi pajani. Hakuwa na raha na jambo lile, lakini hakuweza kuficha kwamba umbea ulikuwa umemkolea. Kisha akaulaza mkono wa sare mapajani mwake na kuunyoosha kwa kiganja.

"Nikuulize kitu, usinikasirikie. Unataka mtoto, hutaki?"

"Sijui, Deta. Wakija wateja kushonewa nguo za ubatizo, nikiishika ile nguo ndogo nasikia kitu hapa. Halafu nakumbuka nilivyokuwa naamka usiku. Nimelea mimi. Nimelea kabla sijaota hata matiti. Nilitaka safari hii iwe mimi niliyeamua, isiwe imeniangukia."

"Mimi nilitaka unesi," Bernadeta alisema. "Fomu ilishajazwa, Anselm akaja. Nawapenda wanangu, mtu asije akanisingizia. Lakini kuna siku nikisikia 'mama!' natamani aitike mtu mwingine." Akacheka, akafuta jicho. "Wewe una haki ya kuamua. Ila mume unaye, ungeamua naye."

"Angekataa. Angekwenda kuoa."

"Alikwambia?"

"Wanaume wanasema?"

Bernadeta alikanyaga cherehani.

Kilichomtia Asmahani hofu kuliko sahani na sanduku ni mama mkwe. Bi Tunu hakuwa mtu wa kuficha. Miaka yote akija kuwatembelea, jicho lake lilianza tumboni kwa Asmahani ndipo likapanda usoni. "Shikamoo mama," Asmahani angesema, na Bi Tunu angeitikia, "Marahaba, mke wa Adinani, bado tu?" Alikuwa akija na majani, na mafuta ya kuchua, na habari za mabinti wa jirani waliojifungua pacha. Asmahani alishamzoea. Adui anayejulikana hamnyimi mtu usingizi.

Sasa Bi Tunu alikuja na jogoo mzima, miguu imefungwa, akamkabidhi mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Asmahani alimpokea jogoo, akaangalia macho ya mama mkwe yalipo. Yalikuwa usoni. Hayakushuka. Bi Tunu aliuliza habari za ushonaji, akasifu kibao, akanywa chai, akasema chai ni nzuri. Neno la mtoto halikutoka kinywani mwake hata kwa bahati mbaya. Wakati wa kuaga alimshika Asmahani mkono, ule ule wa kushoto, akaubana mpaka Asmahani akaurudisha nyuma kwa kushtuka.

"Nimekusema sana mimi," Bi Tunu alisema, na sauti yake ikawa nzito. "Nisamehe, mwanangu. Wewe ni mwanamke mwema."

Akaondoka akijifuta pua kwa ushungi wake.

Asmahani alikaa kizingitini na jogoo wake. Kwa nini aushike mkono ule? Amejua? Nani kamwambia, Deta? Na kama hajui, mtu huombaje msamaha kwa kosa ambalo amelitenda miaka yote bila kuona soni? Aliligeuza jambo huku na huku mpaka likampa jibu, na jibu lilikuwa moja. Bi Tunu alikuwa anaomba msamaha wa jambo linalokuja. Mke mwenza ameshapatikana, yuko Isikizya, anapika bila chumvi kwa sababu wanazozijua wenyewe, na huenda tayari ni mjamzito. Ndiyo maana tumbo la Asmahani halitazamwi tena. Limeshafutwa kazi.

Alimchinjisha yule jogoo siku ile ile. Hakutaka awike.

Ushahidi wa mwisho ulitoka kwenye suruali. Alikuwa akifua, akapapasa mifuko kama kawaida, akakuta kipande cha gazeti kimeviringishwa. Ndani yake mlikuwa na mzizi, mweusi, mgumu, unaonuka moshi na kitu kingine kichungu. Limbwata. Kumbe mumewe hakutoka nje ya ndoa kwa akili zake, alikuwa amelishwa, na sasa ametumwa auweke mzizi ule nyumbani, labda chini ya mto, labda kwenye maji ya mkewe, ili Asmahani awe zezeta au afe kabisa na nafasi ibaki wazi. Alisoma aya zote alizozikumbuka kutoka madrasa. Kisha akauchukua mzizi kwa vidole viwili, akautumbukiza chooni, akamwagia ndoo nzima ya maji.

Adinani aliporudi aliitafuta ile suruali kabla hajavua viatu. Aliukuta mfuko mtupu. Akapekua kapu la nguo, akainua godoro, akapiga magoti kumulika uvungu kwa simu.

"Unatafuta nini, mume wangu?"

"Kikaratasi tu. Hujakiona?"

"Kikaratasi cha nini?"

"Basi, acha."

Alikaa kitandani, mabega yameshuka. Mwanaume mzima alikuwa karibu kulia kwa ajili ya kipande cha mti, na Asmahani, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, aliona hasira yake yote ikigeuka uchungu. Kampenda kiasi hiki, alisema moyoni. Alitamani kupiga kelele, lakini alikwenda jikoni kukatakata vitunguu ambavyo hakuvihitaji.

Alhamisi iliyofuata alimwachia Bernadeta funguo za duka. "Leo ama zangu ama zake," alisema. Bernadeta alimpa leso yake ya Mtakatifu Rita akamwambia aifunge tu, Mungu hatazami pindo limeandikwa nini. Bodaboda ya Adinani ikatoka, na ya Asmahani ikafuata kwa mbali, yeye amejifunika mtandio mpaka puani, si kwa kuficha uso tu, vumbi nalo lilikuwa halina simile. Walizipita ofisi za halmashauri. Adinani hakusimama. Wakaingia njia nyembamba yenye mashamba ya tumbaku kulia na kushoto, na mwisho wa njia palikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma yenye ua wa matete.

Asmahani alishuka mbali, akasogea kwa miguu, akachungulia kwenye matete.

Mume wake alikuwa amekaa kwenye kigoda, kavua viatu. Kutoka ndani akatokea mwanamke wa rika la Asmahani, mweupe kiasi, kanga moja kifuani na nyingine begani, nywele kasuka vizuri. Alishika bakuli linalofuka mvuke. Akainama, akampa. Na Adinani akalipokea kwa mikono yote miwili, kwa adabu ambayo Asmahani hakupata kuiona mezani kwake.

Hakubisha hodi. Aliuvuka ua kama aliyesukumwa.

"Kula!" alisema. "Kula nikuone unavyoshiba!"

Adinani alisimama ghafla, mchuzi ukammwagikia vidoleni. Yule mwanamke hakushtuka hata kidogo. Alimtazama Asmahani kuanzia mtandio mpaka kandambili.

"Mwangaluka, mama. Wewe ni mgonjwa au umemsindikiza mgonjwa?"

"Mgonjwa gani? Mimi ni mkewe!"

"Aa, afadhali!" Mwanamke aliita ndani waongeze kigoda. "Naitwa Katarina, dawa hizi aliniachia baba yangu. Tangu mwanzo nimemwambia huyu, dawa ya uzazi inanywewa na wawili. Anakataa. Anasema mke wangu usimguse, mke wangu mzima, tatizo ni langu mimi. Na mzizi wa wiki jana kaupoteza, na bila huo lazima tuanze upya, bila chumvi miezi yote, na chumbani asithubutu siku za kunywa. Mama, kaa basi."

Asmahani hakukaa. Ndipo alipowaona wengine, kwenye benchi kivulini mwa paa. Wanaume tu, kila mmoja na bakuli lake, kila mmoja akitazama ardhi ili asimjue mwenziwe. Mmoja wao alikuwa baba mzima mwenye mvi. Katikati ya aibu yao palikuwa na kimya ambacho yeye ndiye aliyekivunja.

Adinani aliweka bakuli chini, akavaa viatu bila kufunga kamba, akamshika mkewe kiwiko na kumtoa nje ya ua.

Walisimama kando ya shamba. Adinani hakuwa na hasira. Ilikuwa afadhali angekuwa nayo.

"Sikutaka ujue," alisema. "Ningekwenda hospitali, lakini pale maabara wote wananijua, milango yao nimetengeneza mimi. Ningetazamwaje? Nimejitahidi, Asma. Mama alikuwa anakutesa na wewe unanyamaza tu, hunisemi hata siku moja. Nikamwambia, mama, muache Asmahani. Mimi ndiye si mwanaume. Nilimwambia kwa mdomo wangu. Alilia sana." Alivuta pumzi. "Ukitaka kuondoka uende kuzaa ungali na nguvu, sitakuzuia. Nitakupa talaka yako kwa heshima."

Asmahani aliona haya, haya za kweli, zinazochoma masikio. Alimtazama mtu huyu aliyekuwa akila maharage ya baridi mbele ya macho yake huku yeye akimhesabia matonge.

Angeweza kunyamaza. Hilo nalo lilimpitia kichwani, na tusilifiche. Angekubali kigoda, angekunywa bakuli lake, angekwenda Kaliua kusalimia kwa mara nyingine na kurudi mkono mtupu, na mwakani wangemshukuru Katarina kwa mtoto. Hakuna ambaye angejua. Adinani angemzidishia mapenzi.

"Wewe huna tatizo lolote," alisema.

"Usinipe moyo."

"Sikupi moyo. Wewe mzima, Adinani. Mzima kabisa."

Adinani alimkazia macho, na taratibu uso wake ukafunguka. Asmahani hakuwahi kuuona uso ule hata siku ya harusi. Mumewe alicheka kwa sauti, akajishika kichwa, akageuka mara moja mahali pale pale aliposimama. "Mzima?" alisema. "Mimi mzima?" Akamshika mkewe mikono yote miwili, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. "Asma, umejuaje?"

Akamwambia. Kaliua, zahanati, cha kwanza na cha pili. Alimwambia na ya kupumua, na ya mama yake, na ya kulea, lakini yalitoka yamechanganyika na hakuwa na hakika kama yanasikika. Alichokiona ni furaha ile ikiondoka usoni mwa mumewe, si kwa mkupuo, ikiondoka kidogokidogo, kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba. Mikono yake ikaachia.

Alikaa chini pembezoni mwa shamba, akafunga kamba za viatu vyake, moja, kisha nyingine, kwa uangalifu mkubwa.

"Ungeniambia unataka kupumzika," alisema hatimaye, "unadhani ningefanya nini?"

"Ungeoa."

"Nani alikwambia?"

Asmahani alitafuta jina. Alimtafuta Bi Tunu, akawatafuta majirani, akamtafuta Bernadeta, akarudi nyuma mpaka kwa wale wakubwa wa jikoni Gongoni. Adinani alikuwa akimsubiri, amemwinulia uso, anataka kweli kujua ni nani aliyemsemea maneno hayo.

"Hakuna," alisema Asmahani.